Shajara ya albamu ya Alpi: picha 23, shashi 24

Jumamosi, 11 Januari 2025. Mzigo wa kuni

Nimeilipia faranga 260 katika duka la vitu vikuukuu hapa Bern, ikiwa imefungwa kamba ya katani mara mbili kama mzigo wa kuni. Ni albamu ya mandhari za safari katika milima ya Alpi, kazi ya karne ya 19, picha zote zimechapwa kwa litografia, yaani chapa ya jiwe. Jalada la kitambaa cha kijani lipo, limefifia mgongoni. Ukurasa wa jina haupo. Hakuna mchapishaji, hakuna mwaka, hakuna jina la mchoraji chini ya picha. Muuzaji alinieleza bila kificho kwamba nisingeichukua leo, mwezi ujao angezitia picha moja moja kwenye fremu na kuwauzia wenye hoteli. Ndivyo albamu nyingi za namna hii zinavyoishia. Picha mojamoja utaziona kila mnada, albamu nzima ndiyo huioni.

Karatasi zote zimeachia. Si kwamba zimechanika: mgongo haukupata kushonwa. Mwaka 1836, London, William Hancock alipewa hataza ya kujalidi kwa mpira. Unakata karatasi zote upande wa mgongo, unapaka utomvu wa mpira, zinashikana bila sindano wala uzi. Kitabu kilifunguka kikalala bapa, na kwa albamu ya picha hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha mpira ukazeeka. Nilipofungua kamba, makombo ya kahawia yalimwagika mezani kama ugoro.

Picha ni 23, karatasi nene za sentimita 27 kwa 37. Pamoja nazo kuna shashi, zile karatasi nyembamba za kukinga picha, zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Shashi ni 24. Nimechukulia kwamba muuzaji amechanganya na za kitabu kingine. Nimezitia zote kwenye kopo la biskuti, nitazitupa kazi ikiisha.

Nimempelekea dada yangu aliyeko Tanga picha nne kwa simu. Karatasi hizo zina doa kubwa la maji kwenye kona ya chini kulia. Jibu lake: "Kaka, yaani umetoa hela yote hiyo ukanunua ramani ya Pemba?" Ni kweli, limefanana na Pemba, hadi vile visiwa vya pembeni.

Jumapili, 19 Januari. Jiwe na madaraja

Kwanza nilihakikisha kuwa ni litografia kweli. Bamba la shaba au la chuma huacha mfinyo kuzunguka picha pale lilipokandamiza karatasi; hapa kidole hakikutani na ukingo wowote. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, mstari unavunjika kuwa vitone vyeusi, kama chaki iliyopita juu ya ukuta wa saruji. Hizo ni chembechembe za jiwe. Alois Senefelder aliibuni njia hii Bavaria miaka ya 1790: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa la Solnhofen, unalilowesha, kisha wino wa mafuta unashika palipochorwa tu, kwingine maji yanaukataa. Kila kitu huchorwa kinyume, kushoto kuwa kulia, hata herufi, ili karatasini kitoke sawa.

Picha hizi zimepigwa kwa mawe mawili. La kwanza ni jeusi, la pili lina rangi ya mchanga na limekwanguliwa penye theluji na mawingu, ili weupe wa karatasi yenyewe uwe ndio theluji. Kwenye picha ya mto wa barafu wa Grindelwald jiwe la pili limekaa pembeni kwa milimita moja hivi. Kila kilele kina theluji mbili, moja mlimani na moja angani. Nimeipenda picha hiyo kuliko zote.

Mwaka niliusaka kwenye madaraja. Picha ya Fribourg ina lile daraja la kuning'inia la Joseph Chaley, mita 273 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, lililofunguliwa 1834. Teufelsbrücke, Daraja la Shetani kwenye korongo la Schöllenen, linaonekana yakiwa mawili, la zamani chini na jipya la 1830 juu yake. Lile la zamani lilianguka 1888. Kwenye ziwa la Lucerne kuna meli ya mvuke, na ya kwanza ilianza kazi huko 1837. Hapa Bern, mto Aare unavukwa kwa daraja la chini la kale peke yake. Nydeggbrücke la juu, lililokamilika 1844, halipo.

Kwa hiyo michoro ni ya kati ya 1837 na 1844. Angalizo kwa atakayeiga njia hii: huo ni mwaka wa kuchorwa. Mchapishaji aliweza kukaa na jiwe la zamani na kulichapa tena baadaye, au kumpa mchoraji mchoro wa mtu mwingine anakili. Lakini mgongo wa mpira unaendana na miaka hiyo, nami nimeridhika.

Picha ya mwisho kwenye rundo inasomeka "Chamouny, Savoie", yaani Chamonix, na Savoie wakati huo haikuwa Ufaransa bado. Ilihamia huko 1860. Waliofungua albamu hii sebuleni kwao walijua theluji ni mali ya Ulaya. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji hiyo Kilimanjaro mwaka 1848, wapo wasomi waliomkatalia katakata.

Jumapili, 2 Februari. Mwamba umeondoka

Usafi mkavu umekwisha. Brashi laini (faranga 18), kisha sifongo kavu ya mpira (faranga 9), kwa mapigo mafupi kutoka katikati kwenda nje, dakika 20 kwa kila karatasi, mbele na nyuma. Sifongo ikiwa nyeusi unakata kipande kipya. Hapa hapakuwa na shida.

Shida niliileta mwenyewe. Picha 6 zimepakwa rangi kwa mkono. Ukiziinamisha kwenye mwanga, vivuli vya mbele vinang'aa, kwa sababu mpakaji alivipitishia gundi ya mgunga ili giza lizame. Gundi hiyo naijua, hadi leo nyingi inatoka Sudan. Najua pia kwamba inayeyuka kwa maji. Lakini nilipoona kinyesi cha nzi juu ya mwamba, kwenye picha ya maporomoko ya Staubbach kule Lauterbrunnen, nilichukua pamba nikailowesha mate, nikasugua mara mbili.

Kinyesi kilibaki. Mwamba uliondoka. Sasa kuna baka la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, limepauka, halina mng'ao, na pembeni yake rangi ya udongo imejikusanya kama mfereji uliokauka.

Ninaye jirani, mzee wa miaka themanini na ushei, mjalidi mstaafu. Nilimpelekea picha na sahani ya maandazi. Alitazama akasema nisiguse tena, nisijaribu kupaka rangi, na niandike kwa penseli nyuma ya karatasi nini kimefanyika na lini. Kile kinyesi alikiondoa yeye, kwa ncha ya kisu kidogo, kikavu, chini ya lenzi. Alitumia kama sekunde kumi.

Kanuni ya meza yangu tangu leo: picha zenye rangi ya mkono hazikai chumba kimoja na maji.

Jumamosi, 22 Februari. Kufua

Zile zisizo na rangi ya mkono zinavumilia maji, maana wino ni wa mafuta. Nilichagua tatu zenye doa baya zaidi: Basel, Zürich na maporomoko ya Rhein karibu na Schaffhausen. Maji yasiyo na madini, beseni la plastiki bafuni, karatasi imelazwa juu ya kitambaa cha nailoni ili nisiishike kwa vidole ikiwa imelowa. Dakika 30, badili maji, dakika 30 tena. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Raha yake siwezi kuieleza. Pemba ilizama mbele ya macho yangu.

Zilipokauka nikaona mawili. Kwanza, zimekuwa legelege, kwa sababu maji yameondoa ile gundi ya kiwandani inayoipa karatasi ukakamavu. Hilo linatibika: gelatini, gramu 10 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, unaichovya na kuikausha (faranga 6). Pili, ni nyeupe. Zikiwekwa pamoja na nyingine 20 zinaonekana kama meno ya bandia. Hilo halitibiki, labda nizifue zote, na 6 hazifuliki.

Nimesimamisha ufuaji. Wakati zinakauka nimezipanga zote kwa ramani, kuanzia Geneva, maana maandishi yote ni ya Kifaransa, kwenda mashariki hadi Schaffhausen. Picha hazina namba. Mpangilio unapendeza.

Jumamosi, 8 Machi. Pemba

Mpangilio ni wa uongo.

Leo nilizilaza karatasi zote kifudifudi sakafuni ili nipime kingo za mgongo. Kutoka juu, nikiwa nimesimama kwenye kiti, niliona Pemba nane zilizobaki. Hazilingani. Kwenye ziwa la Lucerne ni kubwa, juu ya mlima Rigi imepungua, kwa Teufelsbrücke imebaki nusu, na kwenye moja ya picha za Grimsel ni ncha tu kama jicho la sindano. Maji yaliingia kutoka mbele ya kitabu yakapenya kurasa 11, kila ukurasa yakipungua. Doa lile ndilo lilikuwa namba za kurasa. Ukipanga kwa ukubwa wa doa unapata safari yenyewe: inaanza kaskazini, inapita Lucerne na Gotthard, inarudi kwa Oberland, milima ya Bern. Imegeuka kabisa kinyume na yangu.

Na zile tatu za mwanzo, zenye Pemba kubwa kuliko zote, nimezifua. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga bafuni.

Nilikaa sakafuni kama nusu saa. Picha nilizozipiga kabla ya kufua zilikuwa za upande wa mbele, nimezikata kwenye ukingo wa mchoro, kona hazimo. Nikampigia dada. Zile nne nilizomtumia Januari anazo bado, na moja ni Zürich na Pemba yake nzima. Moja kati ya tatu. Akaniuliza, "Na zile karatasi za chai nazo ulizifua?"

Kopo la biskuti! Shashi nazo zilikuwa ndani ya kitabu siku maji yalipoingia. Nazo zina Pemba. Na zaidi ya hapo, shashi iliyolalia picha kwa miaka 180 inanyonya mafuta ya wino, kwa hiyo kila moja ina kivuli cha picha yake, kimegeuka kinyume, cha rangi ya asali. Nilizibandika moja moja kwenye kioo cha dirisha kwa mkanda wa karatasi: kivuli kinakwambia ni ya picha gani, doa linakwambia ni ya ngapi. Kwa saa moja nilipata jibu la zile tatu. Mimi ningeapa kwamba Basel ni ya kwanza, msafiri anaingilia huko. Sivyo. Ya kwanza ni maporomoko ya Rhein, kisha Basel, kisha Zürich. Mchapishaji alitanguliza maporomoko kama muuza samaki anavyomlaza jodari juu ya wengine.

Baada ya ukurasa wa 11 hakuna doa la maji. Hapo nilitumia vidoa vidogo vya kutu: kila kidoa cha shashi kimejipiga chapa nyuma ya picha iliyoitangulia. Ni kazi ya macho, jioni tatu. Safari inaendelea Thun, Bern, Fribourg, Vevey, Geneva, inaishia Chamonix kwenye barafu.

Shashi moja imebaki bila mwenyewe. Si ya kitabu kingine, vidoa vyake vinakaa sawasawa nyuma ya picha ya Vevey. Kivuli chake ni hafifu mno, naona tu mstari wa maji na kitu kizito katikati.

Jumamosi, 29 Machi. Uji

Kila karatasi inahitaji utepe wa karatasi ya Kijapani upande wa mgongo, ili sindano ipite kwenye utepe isiguse picha. Karatasi mbili kubwa, faranga 24. Utepe haukatwi kwa mkasi: unachora mstari kwa brashi yenye maji kando ya rula, kisha unauchana, nyuzi zinabaki kama kope na zinajificha kwenye karatasi.

Gundi ni uji wa wanga wa ngano (faranga 14), kipimo kimoja kwa vitano vya maji, dakika 25 motoni ukikoroga bila kupumzika, upoe, uchujwe mara tatu. Uji wa kwanza ulitoka na madonge. Mtu aliyekuzwa kwa uji wa bibi hapaswi kukiri jambo hilo hadharani, lakini shajara ni shajara.

Uji wa pili ulikuwa laini, nikaupaka mbichi, na ukingo wa karatasi nne ukajikunja mawimbi. Nilichogundua: paka utepe juu ya karatasi ya kufyonza, subiri kama dakika moja hadi mng'ao wa maji uondoke, ndipo uulaze. Weka kitambaa kisichonata, karatasi ya kufyonza, kigae cha marumaru na kamusi mbili. Badili karatasi ya kufyonza baada ya dakika 10, tena baada ya saa. Angalia pia nyuzi za utepe zielekee sambamba na mgongo. Zikikatiza, hakuna kamusi itakayokuokoa. Zile nne nilizifungua nikazirudia.

Jumamosi, 19 Aprili. Moja na nne, mbili na tatu

Mpango ulikuwa kuunganisha karatasi mbili mbili kwa utepe mmoja, kisha jozi mbili kuwa fungu, na kushona mafungu. Niliunganisha ya 1 na 2, ya 3 na 4, nikaendelea hivyo hadi mafungu matatu yakawa tayari. Jozi moja ikiingizwa ndani ya nyingine unasoma 1, 3, 4, 2. Nilikuwa nimetumia wiki sita kutafuta mpangilio, kisha nikauvuruga kwa kukosa kukunja kijikaratasi cha majaribio.

Kinachotakiwa ni 1 na 4 nje, 2 na 3 ndani. Tepe 6 zimefunguliwa: brashi yenye unyevu juu ya utepe tu, dakika tano, kisha unauinua taratibu kwa kibanio. Uji wa wanga unakubali. Ningetumia gundi nyeupe ya seremala ningekuwa nalia sasa hivi.

Kuna jambo jingine lililojitokeza hapo. 23 haigawanyiki kwa mbili. Mafungu 6 ya karatasi nne nne yanataka 24, na kitabu cha mpira hakikujali hesabu hiyo lakini sindano inajali. Nimeweka karatasi tupu isiyo na asidi nafasi ya 20, kati ya Vevey na Geneva, pale pa shashi isiyo na mwenyewe.

Nimeshona kwa uzi wa kitani (faranga 11), mishono ya kawaida. Mgongo umenenepa kwa sababu ya tepe, na jalada la kijani halifungi kabisa, limebaki wazi kwa unene wa kidole. Mzee jirani anasema nilipaswa kutumia utepe mwembamba zaidi. Sitaufungua tena. Jalada nimeliacha huru, limekaa kama koti lililovaliwa begani.

Jumamosi, 3 Mei. Picha na hesabu

Nilinunua kioo cha kulazia karatasi (faranga 32). Kosa: kinaonyesha taa, dari na uso wangu. Mara ya pili, mchana, upande wa dirishani ulitoka wa buluu na wa taani wa manjano. Iliyofaulu: usiku, taa mbili zinazofanana, kila moja nyuzi 45, kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza, hakuna kioo, kona zimeshikwa na vifuko vya mchanga. Safari hii nimepiga mbele, nyuma, na kona zote nne.

Hesabu: albamu 260, brashi 18, sifongo 9, gelatini 6, karatasi ya Kijapani 24, wanga 14, uzi 11, karatasi za kufyonza 20, karatasi na majalada yasiyo na asidi 21, kioo ambacho sikukitumia 32. Jumla faranga 415. Maandazi hayamo.

Shashi 23 sijazirudisha kitabuni, zina asidi na zingeendelea kuchafua picha. Ziko kwenye jalada lao, kwa namba. Hazitupwi.

Jumamosi, 10 Mei. Ya 20

Nimeilaza shashi ya 24 juu ya karatasi nyeusi, taa moja kutoka ubavuni, nikapiga, nikaongeza utofauti wa weusi na weupe kwenye kompyuta hadi mwisho. Kitu kizito cha katikati kikawa minara, mitatu au minne, imesimama majini. Chini kuna herufi. Nilisoma NOLLIHC mara tatu kabla ya kukumbuka kugeuza.

Ngome ya Chillon. Kila msafiri wa ziwa la Geneva karne ile alitaka picha yake, na bila shaka iko ukutani mahali fulani, ndani ya fremu. Kivuli hiki kimegeukia upande uleule alioangalia mchoraji alipoinama juu ya jiwe lake.

Nimeuliza bei ya picha moja ya Chillon ya miaka hiyo: faranga 140, ukubwa mwingine, mchoraji mwingine. Nimeiacha. Nimeishika shashi kwa vitone viwili vya uji juu ya karatasi tupu, kinyume kama ilivyo, na mbele na nyuma yake nimeweka karatasi nzuri ili asidi isipite. Chini, kwa penseli: 20.